Ramani Kuukuu ya Kongwa

Katika sanduku la bati ninamohifadhi nyaraka zangu mna karatasi moja iliyokunjwa mara nane, ambayo mikunjo yake imechakaa hata imetoboka. Ni ramani ya sura ya nchi, ya kipimo cha 1:50,000, nayo yaonyesha uwanda wa Kongwa katika Mkoa wa Dodoma. Pembe iliyokuwa imechapwa mwaka imeliwa na mchwa. Niliipata zamani, nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja ya serikali, siku ambayo makaratasi ya kale yalikuwa yakitolewa nje ili yachomwe moto. Nikaomba nipewe hiyo moja. Msimamizi wa kazi ile alinitazama kwa mshangao, akaniambia niichukue, maana imekwisha pitwa na wakati.

Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefundishwa vema ataichukua karatasi hii na katika muda wa nusu saa ataeleza mengi. Atasema kwamba sentimita 2 juu ya karatasi ni kilomita 1 juu ya ardhi. Atasema kwamba upande wa kusini, ambako mistari ya kahawia ya kontua imesongamana, ndiko iliko milima ya Kiboriani, itenganishayo Kongwa na Mpwapwa. Na kwamba kaskazini ya milima hiyo mistari imetawanyika, maana yake ni uwanda. Ataona mistari ya samawati iliyokatikakatika, nayo ni makorongo yapitishayo maji wakati wa mvua tu. Ataona vitone vyeusi, navyo ni nyumba. Na ikiwa ana jicho kali ataona jambo lisilo la kawaida katika Ugogo: njia zilizonyooka kama zilizopigwa rula, kingo za vichaka zilizokatwa sawasawa, na tuta refu la reli litokalo Msagali, penye Reli ya Kati, likapita Kongwa kuelekea Hogoro. Treni haijapita juu ya tuta hilo tangu miaka ya 1950.

Maumbile hayapigi mistari iliyonyooka namna hiyo. Mkono wa mtu umepita hapa, na mkono huo ulikuwa na haraka.

Hadithi ya mistari hiyo ni hadithi ya mafuta. Mtoto wa leo akisikia habari za nchi ya mafuta, fikira zake huenda kwenye visima vya Uarabuni, au huko Marekani, katika majimbo kama Texas na Oklahoma, ambako mashine za kuvutia mafuta na makundi ya ng'ombe huonekana katika uwanda mmoja, na ramani za huko huchora kisima cha mafuta na lambo la kunyweshea mifugo bega kwa bega. Kongwa nayo ilikusudiwa kuwa nchi ya mafuta kabla haijawa nchi ya ranchi, ila mafuta yake yangekamuliwa katika punje ya karanga.

Ilikuwa hivi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda na huku ina njaa. Mafuta ya kupikia, siagi ya bandia na sabuni viligawiwa kwa vipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, ambao ndio hasa waliokuwa wakitengeneza siagi hiyo na sabuni hiyo, aliruka kwa ndege juu ya Tanganyika, akaona chini yake pori lisilokoma. Akaishauri serikali yake kwamba pori hilo lifyekwe kwa mashine na kupandwa karanga. Mwaka huo huo serikali ikatuma ujumbe wa wataalamu 3 ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Wataalamu hao wakazunguka kwa majuma machache, kwa ndege na kwa gari, wakaandika taarifa ya kuafiki. Februari 1947 mpango ukatangazwa rasmi huko London: ekari 3,210,000 zifyekwe, nyingi katika Tanganyika na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waziri wa Chakula, John Strachey, ndiye aliyeubeba mpango huo Bungeni. Gharama zilikadiriwa kuwa pauni zipatazo milioni 24.

Hapa yafaa mwalimu asimame kidogo na kuwaachia wanafunzi penseli zao. Nchi yote iliyotakiwa iligawiwa katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Kongwa peke yake ilipangiwa mashamba 15, yaani ekari 450,000. Urambo ekari 300,000. Na kusini, pande za Nachingwea, ekari 1,650,000. Sasa, ekari 30,000 ni takriban kilomita za mraba 121. Katika ramani yangu hii, shamba moja lingekuwa mraba wenye upande wa sentimita 22. Mashamba 6 tu yangeijaza karatasi nzima kutoka ukingo hata ukingo, pasibakie mahali pa kuweka zizi. Na eneo lote la mpango, ukilijumlisha, lakaribia kilomita za mraba 13,000, ambazo ni takriban mara 5 ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Ni rahisi kuandika tarakimu kama hizo katika ofisi. Mimi nimekuwa mtumishi wa ofisi maisha yangu yote, nami najua urahisi wake.

Yaliyofuata yamekwisha kusimuliwa sana, hasa na Alan Wood, aliyekuwa mtumishi wa shirika lililoendesha mradi, naye akatoa kitabu mwaka 1950. Basi nitayapitia upesi. Waanzilishi walifika Kongwa mapema mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi iliyonunuliwa Ufilipino, yakaharibika ovyo. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya Kongwa, ambavyo mtu hawezi kupenya hata kwa ubavu, viliyakataa mabuldoza; ndipo ikabuniwa njia ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mabuldoza mawili ili yavute kwa pamoja na kung'oa kila kitu kilicho katikati. Mibuyu haikuvutika kirahisi. Yasimuliwa kwamba mbuyu mmoja, ambao ndani yake mlikuwa na uwazi, ulipata kutumiwa kama gereza, na mwingine ulikuwa mahali pa matambiko, na nyuki waliokaa katika mingine waliwafukuza madereva mbio. Kisha ikaja ardhi yenyewe. Udongo mwekundu wa Kongwa umechanganyika na punje kali za mawe, ukawa unayala majembe ya chuma kama msasa. Na mvua ikikatika hukauka ukawa kama sakafu, hata karanga iliyomo ndani haichimbuki. Na mvua yenyewe ni milimita zipatazo 500 kwa mwaka, zikijitolea, kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mwingine hazijitolei.

Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakubali kushindwa, ikafuta hasara ya pauni milioni 36.

Jambo moja lisilotajwa mara nyingi ni kwamba Kongwa ya siku zile ilikuwa pia shule ya umoja wa wafanyakazi. Maelfu ya vijana kutoka kila pembe ya nchi walikusanyika pale kwa mshahara mdogo na maji ya kupimiwa. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma Septemba 1947, mgomo ule ulipanda na reli hata ukafika Kongwa. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wale, na wengi walirudi kwao wakiwa nacho, na wakiwa na fikira ambazo hawakuondoka nazo nyumbani.

Lakini nirudi kwenye karatasi, maana nia yangu ni kuuliza lile lililowafanya watu wenye elimu, wasio wapumbavu, waitazame nchi hii na kuiona ni patupu.

Ramani za kipimo hiki zilitengenezwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Idara ya Upimaji wa Makoloni iliundwa Uingereza mwaka 1946 chini ya Martin Hotine, na kuanzia mwaka huo hadi 1952 ndege za kikosi nambari 82 cha jeshi la anga la Kiingereza zilivuka Afrika zikipiga picha mistari kwa mistari, kama mkulima apigavyo matuta. Kisha mafundi waliokaa karibu na London waliziweka picha hizo mbilimbili chini ya vioo, wakachora kutokana nazo milima na mito ambayo hawakuikanyaga kamwe. Kazi yao ilikuwa ya ustadi mkubwa, wala siidharau. Kabla yao Wajerumani walikuwa na ramani yao ya nchi nzima, ya kipimo cha 1:300,000, iliyochapwa Berlin. Nayo iliandikwa kwa kufuata njia za misafara na wapimaji, hata mahali ambapo Mzungu hakupita palibaki peupe kabisa. Ndege iliondoa weupe ule. Kila kilima kikapata kontua zake.

Hata hivyo weupe ulibaki kwa namna nyingine. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe, lenye paa la udongo lililo bapa. Ukiwa angani, tembe na ardhi vyafanana rangi. Malisho ya ng'ombe hayana ua wala alama. Mahame, yaani mahali palipohamwa ambapo watu hurudi baada ya miaka kadhaa samadi ikiisha kulainisha udongo, kwa mpiga picha ni pori sawa na pori jingine. Mbuyu wa matambiko na mbuyu wa nyuki vina kivuli kimoja. Basi fundi mwaminifu, akichora alichokiona, alichora uwanda wenye miti iliyotawanyika na nyumba chache. Na mtu mwenye mpango mfukoni akiutazama uwanda huo husema: hapa hapana mtu.

Wenyeji walikuwa na ramani yao, ingawa haikuchapwa. Peter Rigby, aliyekaa na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu ya ng'ombe na ujamaa wao mwaka 1969, aeleza kwamba Ugogo yote ilikuwa imegawanyika katika nchi ndogondogo, kila moja ikiitwa yisi, yenye mtemi wake aliyehifadhi mawe ya mvua, na mipaka iliyojulikana kwa majina: kilima fulani, korongo fulani, mbuyu fulani. Yaani kila mtu mzima aliweza kutaja ni wapi mvua ya mtemi wake inapokoma. Mpaka uliopimwa kwa mvua! Mimi nimefanya kazi na mipaka ya vigingi kwa miaka mingi, na sijaona mpaka unaoieleza nchi kavu vizuri zaidi ya huo. Tena Mgogo mwenye busara hakuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Aliwagawa kwa ndugu na rafiki walio mbali, ili mvua ikikosa huku, huko wabaki wa kuanzia. Watu hawa walikuwa wamepita katika njaa ya Mtunya, iliyowaangamiza kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuwanyang'anya nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakatika. Walipoambiwa mwaka 1947 kwamba Kongwa itavunwa karanga kila mwaka bila kukosa, wazee walionyamaza hawakunyamaza kwa kutojua.

Hata vitabu vya Wazungu wenyewe vilikuwa na onyo. Magharibi ya Mpwapwa, katika njia ya kale ya misafara, kuna mbuga isiyo na maji ambayo wapagazi waliiita Marenga Mkali. Richard Burton aliipita mwaka 1857, akaliandika jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Na baada yake Stanley naye aliitaja. Wapagazi walijaza vibuyu, wakaanza kutembea mchana, wakalala njiani bila maji, wakaendelea kabla ya alfajiri. Mwendo huo waliuita tirikeza. Na walipovuka salama walitozwa hongo na watemi wa Ugogo, ambayo wasafiri wa Kizungu waliilalamikia mno, bila kutaja sana kwamba visima waliyonywea vilichimbwa kwa jasho la watu katika nchi ya kiu. Marenga, au malenga, ni maji kwa Kigogo. Na Marenga Mkali ni maji makali, ya chumvichumvi. Kwetu sisi watu wa mashairi malenga ni mtunzi bingwa, na nilipolijua neno hilo la Kigogo nilicheka peke yangu, kwani nimewahi kuwaona malenga wakali kadha wa kadha. Lakini maana yangu ni hii: neno moja la wapagazi lilibeba habari ambayo kontua zote za karatasi hii haziwezi kuibeba. Kontua hueleza maji yataelekea wapi yakinyesha. Hazielezi kama yatanyesha.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwacheka Waingereza peke yao.

Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilitumwa pamoja na wakubwa wangu kwenda kusuluhisha ugomvi wa mpaka kati ya vijiji viwili vilivyomo katika karatasi hii. Majina yake nayahifadhi. Tulikaa chini ya mti, wazee upande mmoja na sisi upande mwingine, na ramani ikatandazwa juu ya meza ya shule iliyoazimwa. Wazee wa kijiji cha chini walidai kwamba kuna njia ya ng'ombe iendayo kwenye dimbwi moja ambalo wamelinyweshea tangu enzi za babu zao, na kwamba mpaka mpya ukipita pale utawafungia. Mimi ndiye niliyekuwa kijana mwenye macho mazuri, nikaulizwa ramani yasemaje. Nikainama, nikaweka kidole, nikasema kwa sauti ya kujiamini:

"Hapa hapana dimbwi, wala hapana njia. Ni patupu."

Mzee mmoja akaomba ruhusa ya kusema. Nilimwamkia shikamoo tulipofika, naye alinijibu marahaba kwa upole kama kwa mjukuu wake. Akauliza, "Mwanangu, karatasi hiyo ilichorwaje?"

Nikamweleza habari za ndege na picha, kwa majivuno ya mtu aliyetoka shuleni karibuni.

Akafikiri kidogo, akasema, "Vema. Na ndege hiyo ilipita mwezi gani?"

Sikuwa na jibu. Wakubwa wangu waliangaliana, mmoja akatabasamu, mazungumzo yakaendelea, na mwisho mpaka ukawekwa kama ramani ilivyosema. Nilikuwa nimekwisha rudi mjini nilipolielewa swali. Ndege ya kupiga picha hukimbia mawingu. Huja kiangazi, mbingu zikiwa safi. Ugogo ya karatasi hii ni Ugogo iliyopigwa picha katika miezi ambayo madimbwi yamekauka, mifugo imepelekwa mbali, na njia za ng'ombe zimefunikwa na vumbi. Mzee yule, ambaye hakujua kusoma, aliiona kasoro ya ramani kwa swali moja, nami niliyesoma sikuiona. Dimbwi lile lilikuwapo. Niliandika dokezo kwa wakubwa wangu. Likapokelewa, likawekwa katika faili. Kijiji cha chini kilizunguka mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi kunywesha, kifuku baada ya kifuku, mpaka wanavijiji wenyewe kwa wenyewe walipopatana kuifungua tena njia, bila barua ya mtu yeyote. Mzee alikuwa amekwisha fariki. Sikupata kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuandika juu ya ramani yangu kwa penseli.

Mengi yamebadilika katika uwanda ule ambayo karatasi haikuyangoja. Karanga ziliposhindikana, mashamba yaliyofyekwa yalibaki wazi, na nyasi zikaota palipokuwa na vichaka. Shirika la Kilimo la Tanganyika lililorithi mradi katika miaka ya 1950 likaweka ng'ombe hapo, na baada ya Uhuru ranchi ikaendelezwa, hata ikawa chini ya Kampuni ya Taifa ya Ranchi, NARCO, iliyoanzishwa mwaka 1968. Ranchi ya Kongwa ipo hata leo, yenye hekta zipatazo 38,000, karibu sehemu moja ya tano ya zile ekari 450,000 zilizoandikwa London. Yaani baada ya matrekta na minyororo ya nanga na mamilioni ya pauni, nchi ilirudi kwa mnyama yule yule ambaye Mgogo alikuwa akimchunga hapo tangu awali. Sisemi kwamba ranchi na uchungaji wa jadi ni kitu kimoja. Ranchi ina majosho, malambo, vitalu na uzio, na fahali wa mbegu bora. Mchungaji wa jadi ana miguu yake na elimu ya majani. Ila vyote viwili vimekubali neno la mvua, jambo ambalo mradi wa karanga ulilikataa.

Vile vitone vyeusi vya nyumba navyo vimehama. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 iliwatoa Wagogo wengi katika matembe yaliyotawanyika, ikawakusanya katika vijiji vyenye shule, zahanati na mabomba. Kwa hiyo mwanafunzi akienda leo na ramani hii mahali penye kitone, aghalabu atakuta kichuguu na kipande cha chungu. Na mahali penye weupe atakuta kijiji kizima chenye mnara wa simu. Wengine waliipokea Operesheni kwa moyo mkunjufu, wengine walilia kuacha makaburi ya wazee wao. Majina mengi ya mahali yalikufa hapo, kwa sababu jina la mahame halina wa kuliita watu wakiisha kukaa mbali nalo.

Na kuna sehemu moja ya historia ya Kongwa ambayo hakuna ramani iliyoruhusiwa kuichora wakati wake. Tangu mwaka 1964, katika majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga karibu na kituo cha reli isiyokuwapo tena, walikaa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Samora Machel aliwafunza vijana wake hapo. Chris Hani alikaa hapo. Majengo yaliyojengwa ili kumpatia Mwingereza siagi ya mkate wake yaligeuka kambi za watu waliokuwa wakijiandaa kuzing'oa tawala za Wazungu, na wanavijiji wa Kigogo waliwauzia mtama na kuwakaribisha ngomani, wakayafunga midomo. Katika kamusi zetu kongwa ni kile kijiti chenye panda kilichofungwa shingoni mwa mtumwa. Sina ushahidi kwamba mji ulipata jina kwa sababu hiyo, wala sidai. Lakini nikiandika "Kongwa" na mwaka 1964 katika mstari mmoja, mkono wangu husita kidogo.

Mwishowe mafuta nayo yamekuja. Mkoa wa Dodoma, pamoja na Singida jirani yake, umekuwa nchi ya alizeti. Ukipita barabara kuu wakati wa mavuno utaona magunia kando ya njia na vinu vidogo vya kukamulia, na chupa za mafuta ya rangi ya dhahabu zikiuzwa juani. Kibaigwa, ambayo katika ramani yangu haina heshima yoyote, ina soko la nafaka linaloyavuta malori kutoka nchi jirani. Alizeti hiyo hailimwi katika mashamba ya ekari 30,000. Aghalabu hulimwa katika ekari mbili au tatu, na mtu ambaye kando yake amepanda pia uwele, na mtama, na ana mbuzi kadhaa kwa dada yake aliye mbali. Mvua ikikosa, hupata hasara ya ekari mbili.

Mwaka fulani nilipopata likizo nilikwenda na ramani hii katika shule moja ya sekondari ya huko, kwa mwaliko wa mwalimu wa jiografia. Tuliwagawa wanafunzi katika makundi, kila kundi likapewa nakala ya kipande cha karatasi na kuambiwa likaulize kwa bibi na babu majina ya vilima, makorongo na mibuyu iliyomo. Walirudi baada ya juma moja. Katika kipande kilichokuwa na majina 4 yaliyochapwa, kundi moja la wasichana lilileta majina 31, na ugomvi mkali juu ya mawili kati ya hayo, kwa kuwa bibi wa huyu na bibi wa yule hawakukubaliana korongo lipi ni lipi. Mwalimu aliyaandika yote ubaoni, na yale mawili aliyaandika mara mbili.

Niliwaomba wanifafanulie dimbwi lile la ugomvi wa zamani. Walilijua, wavulana wawili walikuwa wakinywesha hapo. Nimeliweka katika ramani kwa penseli ya samawati, mahali pale pale nilipoweka kidole siku ile, na kando yake nimeandika jina lake, na miezi ambayo huwa na maji: Januari hadi Mei.